Mpitisha Rangi

"Eti unanisaidia mimi?" Shemeji alipandisha sauti kuishinda mashine ya kukoroga. "Hebu soma ulichoandika. Soma kwa sauti, na mimi nisikie!"

"Nipe karatasi yangu."

"'Namsaidia fundi kuchanganya rangi.' Fundi mwenyewe ni mimi? Mimi ambaye jana tu nilitaka kutoa pipa zima la krimu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, ukanishika mkono?"

"Ulikuwa umechoka."

"Sikuchoka! Sikuona! Wewe ndiye uliyeona. Na ule mzigo wa hospitali mwaka jana, ile kijani, nani aliona?"

"Shemeji, usinipigie kelele kama mtu unayenidai."

"Wewe ndiye unayenidai, shemeji yangu. Ndiyo maana napiga kelele!"

Mwanamke aliinyakua ile fomu, kona moja ikabaki mkononi mwa Shemeji. Akaikunja mara mbili, akafuta mikono kwenye ovaroli yake, akatoka. Alipita kwenye makopo matupu, akapita kwa wafungashaji bila kumjibu aliyemwita, akafika dirisha la utumishi na kuitumbukiza fomu ndani ya sanduku kabla moyo haujamgeuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Wale wanaosema hasira ni hasara hawajakosea. Ila yake haikuwa hasira tupu. Ilikuwa na woga ndani, na woga ule tutaufikia.

Kiwandani pale walimwita Jicho. Walitengeneza rangi za ukutani, na hakuna pipa lililotoka bila yeye kuchovya kijiti, kupaka kwenye kadi nyeupe, kuipeleka kwenye mwanga wa dirishani, halafu kusema "pita" au "bado". Kilikuwepo kipimo cha rangi cha umeme kabatini, cha bei ya kutisha. Kipimo kilisoma namba, lakini wateja hawakupaka namba kwenye kuta zao. Akishasema "bado", hata meneja wa mauzo aliyesimama mlangoni na jasho la haraka alirudi kukaa.

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe. Alikuja kiwandani miaka sita iliyopita na cheti chake cha chuo kikiwa bado na harufu ya wino, na aliyemwambia kwamba kuna nafasi ni Jicho mwenyewe. Kijana alikuwa na hesabu kichwani na mkono mwepesi. Jicho la rangi hakuwa nalo, na halifundishwi. Kwenye karatasi, yeye alikuwa fundi mchanganyaji, daraja la sita. Jicho alikuwa msaidizi, daraja la tatu. Kwa kila shilingi kumi alizopata mwanamume, mwanamke alipata sita. Kila mwisho wa mwezi Shemeji alifika nyumbani kwa kaka yake na mfuko wa unga begani na mafuta mkononi, bila kuombwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Si kwamba Jicho alikuwa peke yake. Kiwanda kile kilikuwa na wanawake ishirini na watatu, na wote, kuanzia wa lebo mpaka wa maabara, walikuwa wasaidizi. Wanaume walikuwa mafundi. Hata yule mzee wa ufagio uani aliandikwa fundi usafi, na mshahara wake ulimpita dada wa maabara mwenye stashahada. Mambo yakaendelea hivyo mpaka akaja mkurugenzi mpya, akaitisha orodha ya mishahara, akaiona. Akatangaza kwamba kila mfanyakazi ataandika kwa mkono wake kazi anayoifanya, na daraja litafuata kazi, halitafuata jina la kazi. Mwisho wa kurudisha fomu ni leo saa kumi. Baada ya hapo madaraja hayataguswa kwa miaka mitatu.

Jambo jepesi, ungesema. Lakini ukimwita mtu msaidizi miaka kumi, ukimpa kalamu ataandika nini?

Jicho aliporudi chumba cha rangi, Shemeji alikuwa ameizima mashine. Alikuwa amekaa juu ya kopo lililogeuzwa, kile kipande cha karatasi bado kidoleni.

"Umeshaitia?"

"Nimeshaitia. Yamekwisha. Washa mashine."

"Haya. Ila na mimi nilitia yangu jana." Alimtazama. "Nimeandika kazi yangu ni kupima na kukoroga. Nimeandika anayepitisha rangi ni wewe, na kila ninachojua umenifundisha wewe."

Jicho alishika ukingo wa meza. "Umeandika nini?"

"Kweli."

"Nani alikutuma? Wakikushusha je?"

"Wanishushe! Mimi sina mke, sina mtoto, nina kitanda na redio. Wewe una watoto watatu shuleni. Mimi nakula kwako, shemeji, na kila tonge nalimeza na aibu. Hujawahi kuona navyokula harakaharaka?"

"Nilidhani ni njaa."

Shemeji karibu acheke, akajizuia. "Fomu zetu zitawekwa pamoja mezani. Yako inasema hivi, yangu inasema vile. Watatuita. Watauliza nani muongo. Na watauliza: huyu mama alianza lini kupitisha rangi?"

Alianza lini. Hilo ndilo swali Jicho alilolikimbia miaka yote.

Alianza miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa mwosha makopo. Fundi wa zamani, mzee aliyekijenga kile chumba, alimwita siku moja amshikie kadi. Kesho akamwita tena. Siku ya tatu akamuuliza, kana kwamba anamuuliza saa, "Binti, hii ni kijani au ni udongo?" Jicho akadhani anatania. Alipomtazama usoni akaelewa. Macho ya mzee yalikuwa yanaona watu, yanaona ngazi, yanasoma hata gazeti. Rangi ndizo zilizokuwa zimemkimbia. "Nisitiri, mwanangu," mzee alisema. "Imebaki miaka mitano nistaafu." Jicho akamsitiri. Mtu akiuliza anafanya nini chumbani mle, jibu lilikuwa moja: namsaidia fundi. Mzee akastaafu, mwanamke akabaki na lile neno. Aliona kwamba siku atakayosema anapitisha rangi tangu lini, wenye akili watahesabu, na watajua kwamba miaka mitano mzee alilipwa kwa kazi ya mtu mwingine. Pensheni ya mzee ndiyo iliyompa chakula. Nani angeweza kuichezea?

Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Na sasa huyu kijana mwenye kiherehere alikuwa amefungua mlango kwa teke.

Kengele ya mchana ilipolia hakwenda kula. Alivuka barabara, akakata uchochoro wa nyuma ya bohari, akafika mtaa wa pili, kwenye mlango wa chuma uliopakwa mistari mitatu ya rangi zisizopatana, mabaki ya makopo ya kazini. Alibisha kwa kokoto.

Mzee alifungua akiwa na nyundo mkononi na misumari miwili mdomoni. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya kijani, wa pili ya kahawia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba." Alitoa misumari mdomoni. "Ingia. Natengeneza kiti, usikikalie hicho, kalia ndoo."

"Soksi zako, mzee."

"Zimefanya nini?"

"Zimegombana."

"Zote zinapasha joto. Una shida gani? Wewe huji hapa katikati ya kazi."

Jicho alikaa kwenye ndoo. Maneno aliyoyapanga njiani yalimtoroka, akaanza popote. "Nimekuja kukuomba ruhusa. Ukikataa sema tu, sitakasirika." Akamweleza yote: fomu, mkurugenzi mpya, saa kumi, alichoandika yeye, alichoandika Shemeji. "Wakiniita watauliza tangu lini. Nikisema tangu lini, nimekuvua nguo. Nikidanganya, nimemfanya kijana wa watu muongo. Sijui niseme nini. Na ile pensheni yako wasije wakaigusa."

Mzee alikuwa ameacha kugonga. Aliiweka nyundo chini polepole.

"Binti, siku waliyoniaga pale ukumbini, wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha rangi. Kulikuwa na mapipa mawili ya haraka. Halafu wasaidizi hatukuitwa."

"Hukuitwa." Mzee aliguna. "Ndiyo maana. Miaka sita nimejiuliza kwa nini hukuwahi hata kunicheka."

"Kukucheka kwa lipi?"

"Mimi niliwaambia! Nilisimama mbele ya mkurugenzi, wahasibu, wauzaji, na wale wageni wenye tai. Nikasema, macho yangu yalikufa miaka mitano iliyopita. Tangu hapo kila rangi iliyotoka kiwanda hiki ni ya yule binti aliyekuwa anaosha makopo. Kazi ile ni yake, mpeni. Sikupunguza neno."

Jicho alimkazia macho. "Wakasemaje?"

"Wakacheka. Wakapiga makofi! Walidhani ni maneno ya mzee anayeaga, anajishusha. Yule mkurugenzi wa zamani akainuka akasema, 'Mnauona unyenyekevu huu?' Wakanipa saa ya ukutani, ile pale. Haijawahi kutembea hata dakika moja."

"Na pensheni?"

"Pensheni naipata kila mwezi. Hao hao walionisikia ndio walioweka sahihi. Utamfichulia nani kitu kilichosemwa kwenye kipaza sauti?"

"Sasa mbona hukuniambia mzee wangu?"

"Nikuambie nini? Nilijua unajua. Nikajua wamekupandisha zamani. Nani angekaa kupitisha rangi miaka sita kwa mshahara wa kuosha makopo?"

Jicho alitazama sakafu. Mzee alimtazama yeye, na uso wake ukabadilika.

"Hapana," alisema. "Wewe?"

"Daraja la tatu, mzee."

"La tatu! Yule wa ufagio je?"

"La nne."

Mzee aliruka kutoka pale alipochuchumaa kana kwamba amekalia msumari. "Wale watu hawana haya! Na wewe, samahani mwanangu, huna akili! Mimi nilikuomba unisitiri mpaka nistaafu. Sikukuomba unisitiri mpaka nizikwe! Mficha uchi hazai, hujasikia? Na huo uchi wenyewe si wako, ni wangu, na mimi nilishauanika!"

Hapo Jicho alianza kucheka. Alianza taratibu, mabega tu, halafu ikampanda mpaka ndoo ikayumba, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye rangi na kujipaka krimu shavuni. Miaka sita alikuwa amebeba mzigo kichwani, shingo imemkaza, na mwenye mzigo alikuwa amekaa nyumbani anagonga viti, hana habari. Alihisi wepesi wa ajabu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana baada ya kutembea kutwa. Mzee naye, alipoona anacheka, akacheka, akakohoa, akatafuta maji.

"Saa ngapi sasa?" Jicho aliuliza ghafla.

"Usiniulize mimi. Saa yangu unaiona."

Jicho alishaufikia mlango. Mzee alimfuata mpaka nje, na soksi zake zilizogombana, akipiga kelele uchochoro mzima: "Ukiulizwa tangu lini, sema! Na wakitaka shahidi, waje na kiti kizuri, hiki bado!"

Saa saba na nusu alikuwa dirisha la utumishi, pumzi juu juu. Afisa utumishi, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikuwa amepanga fomu mbele yake mafungu mawili, moja nene na moja jembamba.

"Dada, niliitia fomu yangu asubuhi. Naiomba."

"Fomu ikishaingia haitoki."

"Haitoki kabisa?"

"Kabisa. Ina namba, imeshaingia kwenye daftari." Afisa alivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya blauzi. Alikuwa na tabia ya kuchelewa kumaliza sentensi, hasa siku ambayo mtu ana haraka. "Lakini fomu tupu ninazo mia mbili. Mtu akileta ya pili kabla ya saa kumi, inayohesabiwa ni ya mwisho. Imeandikwa hapo nyuma ya fomu, kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma."

"Basi nipe."

Afisa alimpa. Hakuiachia mara moja. "Mimi siruhusiwi kumwambia mtu aandike nini. Ila tangu asubuhi nasoma fomu za kina mama. Yako ilikuwa ya kumi na tisa. Huyu anasaidia kupima, huyu anasaidia kufunga, huyu anasaidia kusaidia. Nimeanza kujiuliza, kazi ya hiki kiwanda inafanywa na nani? Majini?"

"Na za wanaume?"

"Ah, za wanaume!" Alitoa miguno miwili ya pua. "Yule wa ufagio anasimamia mazingira."

Jicho aliandika akiwa amesimama pale pale, karatasi juu ya ubao wa dirisha. Swali la kwanza: unafanya kazi gani? Aliandika: *Napitisha rangi. Pipa lolote linalotoka hapa, mimi ndiye ninayesema litoke au lisitoke.* Tangu lini? *Miaka kumi na moja.* Umemfundisha mtu? *Ndiyo. Fundi wa daraja la sita.* Swali la nne asubuhi alilijibu kwa neno moja tu. Liliuliza: usipokuwepo, ni kazi gani inasimama? Asubuhi aliandika "hakuna". Sasa alifikiri kidogo, kalamu hewani, akakumbuka, akaandika: *Nilipokwenda kujifungua mtoto wa tatu, mapipa kumi na mawili yalirudishwa na wateja. Waulizeni mauzo.*

Akaweka sahihi. Afisa akaisoma mbele yake. Akapiga muhuri, akaandika saa, akamkatia kipande cha kupokelea. Halafu akalichukua lile fungu nene, fomu kumi na tisa za kina mama, akalisukuma kando kama mtu anayewapisha wageni mezani.

"Bado saa mbili na dakika kumi," alisema, akitazama dari. "Mimi nakaa hapa hapa. Siendi popote."

Jicho alimwelewa. Akanyoosha mkono dirishani. "Hebu nipe hizo nyingine. Nipe thelathini."

Alipopita mlango wa chumba cha rangi, Shemeji alichungulia, uso umemsinyaa kwa wasiwasi. Alikiona kipande chenye muhuri, akaona na lile doa la krimu shavuni.

"Vipi? Wamekuita? Umenipinga?"

"Nimekuunga mkono. Ila ungesema polepole ningesikia vilevile."

Kijana alishusha pumzi iliyomsukuma mpaka kwenye fremu ya mlango. "Eh, shemeji! Leo nitakula taratibu."

"Koroga ile buluu. Usiitoe mpaka nirudi."

Kwenye ukumbi wa kufungashia, wanawake kumi na wanne walikuwa wamejipanga pande mbili za mkanda unaosafirisha makopo, wengine wanabandika lebo, wengine wanagonga vifuniko. Jicho hakupanda juu ya kitu, hakupiga hotuba. Alimfikia wa kwanza, mama mnene aliyewekwa mwanzo wa mkanda kwa sababu kopo lenye tundu halikumpita hata likiwa limejaa, akamwekea fomu juu ya kifuniko.

"Ya asubuhi uliandika nini?"

"Si nilikuonyesha? Nasaidia kufunga makopo."

"Na yale makopo yenye tundu, nani anayatoa?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Anitume nani? Yakipita yatamwagika ndani ya lori." Alikunja uso. "Sasa hayo nayo ni ya kuandika?"

"Andika hayo. Ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, mpaka saa kumi. Haya, wewe wa lebo, chukua. Dada wa maabara, yuko wapi dada wa maabara? Mwiteni, na stashahada yake!"

Mkanda uliendelea kutembea kidogo, makopo mawili matatu yakapita bila kifuniko, halafu mtu akauzima. Kimya kikaingia, kile cha watu kutafuta kalamu mifukoni. Yule mama mnene alitazama huku na huku. Meza zote zilikuwa na gundi.

"Niandikie wapi sasa?"

"Andikia mgongoni kwangu."

Jicho akageuka, akashika magoti, akainama. Mama mnene akailaza fomu kati ya mabega yake, akainyoosha kwa kiganja, akauma ulimi, akaanza: *Nakagua.* Kalamu ilibonyeza ovaroli kwa nguvu, ikasimama kidogo, ikaendelea.